Korongo Asiye na Kichwa

Mashuka yalikuwa kumi na mawili, meupe, mali ya gesti, na asubuhi ile Dobi alipofungua mlango wa uani hakuyakuta kwenye kamba. Aliyakuta juu ya korongo.

Korongo mwenyewe hakuwa wa kuruka. Alikuwa wa chuma, mrefu kupita mlango wa nyumba, kazi ya mumewe ya miezi minne, kaundwa kwa vyuma chakavu vya kila namna, na alisimama katikati ya ua kama mgeni asiyejua kuaga. Miguu alikuwa nayo, mbawa alikuwa nazo, mkia na shingo ndefu pia. Kichwa tu ndicho hakuwa nacho. Usiku upepo ulivuma, manyunyu yakaanguka, kamba ikalegea, na mashuka yote yakamlalia mbawani, maji tele, mpaka kukapambazuka.

Dobi akavuta shuka la kwanza. Lilitoka na manyoya. Manyoya ya kutu, rangi ya chai ya rangi, moja moja, yamejichora kwenye kitambaa cheupe hadi matundu ya misumari yanahesabika. Akavuta la pili. Hilo lilikuwa na mnyororo wa baiskeli kutoka pembe hadi pembe. La tatu hakulitazama.

Hakupiga kelele. Waliomjua walijua kwamba Dobi akipiga kelele, mambo ni mepesi. Akinyamaza, tafuta pa kwenda.

"Fundi," aliita.

Hapo mumewe akajua kumeharibika, maana siku za amani aliitwa mume wangu. Alitoka na mswaki mdomoni, mwembamba, mikono imejaa makovu ya cheche, akasimama kizingitini.

"Kamba yangu ya kuanikia ina nguzo ngapi?" Dobi aliuliza.

"Mbili."

"Moja ile pale ukutani. Ya pili iko wapi?"

Fundi alilitazama shimo lililobaki ardhini pale nguzo ilipokuwa imesimama. Halafu, bila kutaka, macho yake yakaenda kwenye mguu wa kushoto wa korongo. Dobi akayafuata macho yale, akafika nayo mguuni: bomba lake, lile lile, na alama ya rangi ya bluu aliyolipaka mwenyewe mwaka juzi.

Mama yake Fundi, ambaye wote walimwita Bibi, alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni kwake na kikombe cha chai. "Sema tu, mwanangu," alisema. "Mguu ule hata mimi niliutambua jana jioni. Nikadhani mmeelewana."

"Nilikuwa niweke nguzo nyingine leo asubuhi," Fundi alisema, mswaki kautoa. "Nikaona kwa usiku mmoja tu nifunge kamba kwenye bawa. Bawa lina nguvu kuliko ile nguzo, mke wangu. Ungeweza kuanika hata godoro."

"Nguvu linazo. Na kutu?"

Kutu Fundi hakuwa ameifikiria. Huo ndio ugonjwa wa mafundi chuma: wanajua kitu kitabeba uzito gani, hawajui kitaacha doa gani. Na mtu akikwambia ndoa hutikiswa na mapenzi kupungua, muulize kama amewahi kuona dobi na fundi chuma wakigawana ua mmoja.

Sasa msomaji ajue uzito wa jambo hili. Gesti ile ilikuwa na vyumba ishirini, na Dobi alifua mashuka yake yote. Kazi hiyo aliibembeleza miaka miwili. Nusu ya kilicholiwa nyumbani mule kilitoka kwenye mashuka ya gesti, kwa sababu mageti na madirisha ya Fundi yalikuwa ya msimu, na msimu wenyewe ulikuwa umegoma. Mashuka yale kumi na mawili yalitakiwa kesho yake saa sita mchana.

"Msiguse kitu," Dobi alisema, akijifunga kitambaa kichwani. "Kutu ni ndimu na chumvi na jua. Naenda sokoni kutafuta ndimu. Nikirudi nitayaanza. Mmenisikia? Msiguse."

Walisikia. Tatizo lilikuwa kwamba Fundi aliona aibu, na mtu mwenye aibu mikono yake haitulii.

"Mama," alisema baada ya robo saa, "hii dawa yake ya kung'arishia nguo, si ndiyo anayotumia kwa madoa?"

"Ndiyo hiyo. Ya damu, ya chai, hata ya wino. Nimemwona kwa macho yangu."

"Basi nikianza, akirudi anakuta nusu ya kazi imekwisha."

"Amesema tusiguse."

"Alisema kwa hasira."

Bibi alifikiri, akaona lina maana. Akashika karai upande mmoja, mwanawe upande wa pili, wakatia maji, wakatia mashuka yote kumi na mawili, na kwa kuwa wote wawili walikuwa watu wa moyo mkunjufu, hawakupima dawa. Walimimina chupa nzima.

Dobi alirudi na kikapu cha ndimu, akafika mlangoni, pua yake ikamwambia kabla ya macho. Akaweka kikapu chini. Akainama, akachota ncha ya shuka. Kitambaa kilikuwa cheupe kuliko siku kilipotoka dukani. Na manyoya, ambayo asubuhi yalikuwa rangi ya chai, sasa yalikuwa rangi ya tofali, yamekolea, kila moja limesimama peke yake.

"Nimekusaidia," Fundi alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuona mwenyewe.

"Ndimu hutoa kutu changa," Dobi alisema polepole, kama anayefundisha darasa la watoto. "Kutu ikinyweshwa dawa hii, imeoa. Haitoki tena. Kila dobi anajua. Hata mtoto wa dobi anajua."

"Mimi si mtoto wa dobi."

"Ndiyo maana nilisema msiguse."

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kucheka, kicheko kifupi kisicho na furaha, akaanza kumenya ndimu moja akaila, chachu vile vile, bila kukunja uso. Bibi alirudi zake chumbani pole pole, na siku nzima hakuonekana tena uani ila alipoitwa chakula.

Kesho yake Dobi alikunja mashuka mawili kama ushahidi, akaenda gesti. Wafua nguo na wauza mayai walipitia mlango wa nyuma, wa jikoni, palipo na mapipa ya taka. Hapo akasimamishwa kusubiri. Alisubiri mpaka jua likahama upande mmoja wa pipa kwenda wa pili, na inzi wakamzoea.

Hatimaye Meneja akatoka. Alikuwa mwanamke mnene, nadhifu, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo, na alikuwa na kawaida ya kuyanusa mashuka kabla ya kuyapokea, moja moja. Aliwaita wasafishaji wake watatu.

"Fungua," alimwambia Dobi.

Dobi akafungua.

"Shika juu, waone wote. Huyu ndiye dobi wetu. Tulimpa jeupe, katuletea lenye ndege."

Wasafishaji wakacheka. Mmoja hakucheka sana, lakini alicheka. Dobi alisimama ameshika shuka juu kwa mikono miwili, na kwa kuwa lilikuwa kubwa lilimfunika uso, jambo ambalo wakati ule aliliona kuwa ndilo jema pekee la siku ile.

"Mama Meneja, kosa ni langu. Nipe muda nikununulie mengine."

"Muda upi? Wageni walale kwenye magodoro matupu?" Meneja alivaa miwani. "Jumamosi asubuhi nakuja kwako mwenyewe. Ama nikute mashuka mapya kumi na mawili, ama kazi namkabidhi mwingine. Wako wanaoitaka, na hawafugi ndege wa chuma."

"Umejuaje habari za ndege?"

"Dada, mji mzima unajua habari za huyo ndege wenu."

Jioni ile, wakiwa katikati ya kula, Dobi aliweka kijiko chini.

"Nimepita kwa Mizani," alisema.

Mizani ndiye aliyenunua vyuma chakavu. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuonekana popote bila mizani yake ya kuning'iniza, hata msibani.

"Anakuja Jumamosi asubuhi na mkokoteni. Atampima huyo korongo na kumchukua. Hela hiyo, na akiba yangu, na cherehani yangu nikiweka rehani, tutapata mashuka kabla Meneja hajafika."

Fundi alitazama sahani yake. "Sawa," alisema.

Hilo neno moja lilimchoma Dobi kuliko kama angebisha. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Maneno yote alikuwa nayo: kwamba miezi minne ameanika nguo kwa kuzunguka, kwamba ndege huyo kampasulia kanga mbili, kwamba majirani wanauliza kama anataga.

"Mwanangu," Bibi alimwambia mkwewe kwa upole, "lakini kama angepata kichwa..."

"Mama, habari za kichwa tusianze."

Habari za kichwa zilikuwa hivi. Fundi alikuwa amejaribu vichwa sita. Bomba la maji lilimfanya korongo aonekane bata. Kopo la mafuta lilimfanya aonekane mwizi. Kufuli kubwa ndilo lilikuwa baya zaidi, lilimfanya afanane na mwenyekiti wa mtaa, na Bibi aliomba liondolewe upesi kabla mwenyewe hajapita. Kichwa chenyewe Fundi alikuwa amekiona tangu siku ya kwanza, nacho kilikaa dirishani kwa Dobi: pasi ya mkaa, ya chuma kizito, mbele imechongoka, matundu ubavuni, na juu ya kifuniko jogoo mdogo wa kufungia. Aliiomba mara tatu. Mara ya kwanza kwa utani. Mara ya pili alileta soda. Mara ya tatu Dobi aliichukua, akaitia kwenye sanduku chini ya kitanda, akafunga.

"Pasi hii mama yangu alinisomesha nayo," alisema siku hiyo. "Alipiga pasi nguo za watu mpaka kiwiko kikakataa kukunjuka. Ukiigusa, nitakupiga pasi wewe, tena bila kukunyunyizia maji."

Tangu hapo korongo alibaki bila kichwa.

Ijumaa Fundi hakwenda karakana. Alichukua brashi ya waya, akamsugua korongo kutoka miguuni hadi shingoni, akatoa kutu yote iliyolegea. Kisha akachukua kitambaa na mafuta, akampaka, unyoya kwa unyoya, akiingiza kidole penye pembe ambako kitambaa hakifiki. Dobi alikuwa akifua mashati ya watu upande wa pili wa ua. Alivumilia mpaka saa nane.

"Unamsafisha wa nini, na kesho anakwenda kukatwa?"

"Maiti pia huoshwa," Fundi alisema, bila uchungu, akiendelea kusugua.

Dobi akayaacha mashati majini. Akaingia ndani, akakunja nguo zilizokuwa zimekwisha kukunjwa.

Jumamosi Mizani alifika mapema, mizani begani, mkokoteni nyuma, na uso wa mtu aliyekuja kufanya biashara na marafiki, yaani uso wa kuwanyonya kwa heshima.

"Shemeji, habari za asubuhi."

"Nzuri. Huyo hapo."

Mizani alimzunguka korongo mara mbili. Alimgonga kifua, kikalia vizuri. Alijaribu kumwinua mkia, akaacha.

"Shemeji, huyu hawezi kupimwa mzima. Ndoano yangu inabeba kilo hamsini. Itabidi akatwe."

"Basi akatwe," Dobi alisema.

Fundi akaleta grenda, akachomeka waya kwenye umeme, akampa Mizani.

"Mimi nani?" Mizani alisema, akirudi nyuma. "Mimi napima. Sikati. Kata wewe mwenye mali."

"Siwezi."

"Huwezi vipi, na wewe ni fundi?"

"Naweza kukata chochote. Huyo siwezi."

Mizani akamtazama korongo tena. Akakuna kidevu. "Kusema kweli na mimi, mkono unasita. Ananitazama."

"Hana kichwa," Dobi alisema. "Atakutazamaje?"

"Ndiyo ninavyosema. Je, angekuwa nacho?"

Bibi kwenye kigoda chake akajiziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Grenda ikawa inapitishwa mkono kwa mkono kama mtoto mchanga anayelia, kila mtu akimpa mwenzake, na wako katika hali hiyo ndipo geti likalia na Meneja akaingia.

Alisalimia kwa ufupi. Alitazama kamba, ambayo sasa ilikuwa na nguzo mpya, imepakwa rangi mara mbili. Alitazama mikono ya Dobi, ikiwa mitupu.

"Mashuka yangu?"

"Ndiyo tunayatafuta sasa hivi, Mama Meneja," Dobi alisema. "Huyu anauzwa, tukimaliza naenda dukani."

Meneja akageuka. Korongo alikuwa amesimama juani, amepakwa mafuta, kila unyoya unang'aa kivyake. Upepo mdogo ulipita, na shingo ikayumba kidogo, ikarudi.

"Ndiye huyu ndege wenyewe?"

"Korongo," walijibu watu watatu pamoja.

Alivaa miwani. Alizunguka. Alikaribia kunusa, akajizuia. Sasa, mbele ya gesti yake palikuwa na duara la udongo mtupu. Maua yalipandwa hapo mara nne, na mara nne magari ya wageni yalipogeuza yaliyakanyaga. Fundi, Dobi, Bibi na Mizani hawakujua anafikiria duara hilo, lakini alilifikiria.

"Basi tusizungushane," alisema. "Mnipe hili lidude, nikalisimamishe mbele ya gesti. Na habari ya mashuka tumesameheana."

Uso wa Fundi uliwaka. Hatakatwa. Atasimama mahali, mzima, watu wamwone. Miezi minne hakuwa ameomba zaidi ya hapo. "Mchukue, Mama Meneja," alisema, "hata sasa hivi, nitambeba mwe..."

"Mume wangu," Dobi alisema, "ngoja kidogo."

Fundi akangoja. Zilikuwa siku nne hajaitwa hivyo.

Dobi alijifuta mikono kwenye kanga ingawa haikuwa na maji. Njia ilikuwa wazi mbele yake: ua utabaki mtupu, deni litakwisha, cherehani haitakwenda rehani. Hata yeye alishangaa kusikia anachosema.

"Mama Meneja, umemwita lidude."

"Si ndivyo anavyoonekana?"

"Mimi ndiye niliyemwita lidude miezi minne. Mimi nina haki hiyo, nimelala naye ukuta mmoja. Wewe umemwona sasa hivi. Mashuka ni kosa la nyumba yangu, nitalipa, sikatai. Lakini mashuka ni deni langu na ndege ni mali ya huyu bwana. Usivichanganye."

"Dada, hivi ni vyuma chakavu. Mizani, kwa kilo ni kiasi gani vyote?"

Mizani akakadiria kwa macho, akataja. "Mashuka manane. Tisa, kama muuzaji ana huruma."

"Unaona? Nawapendelea."

Dobi akaenda mpaka kwa korongo, akaweka kiganja kwenye bawa.

"Hizi ni springi za lori lililopinduka kule machimbo ya mawe. Alizibeba begani, safari tisa kwa miguu. Alizinyoosha kwa moto na nyundo. Najua, kwa sababu kichwa kiliniuma wiki nzima. Haya manyoya ya ndani ni majembe ya watu yaliyokwisha kulika. Kila moja kalikata mara mbili, maana la kwanza halikumridhisha. Mkia ni feni ya kinyozi. Hapa shingoni kuna beringi, ndiyo maana unaona anayumba. Beringi hiyo alivunja nne, ya tano ikakubali, na usiku huo aliniamsha anionyeshe nikajifanya nimelala."



"Na kifua hiki," Dobi aliendelea, sauti ikishuka, "ni karai langu la kwanza la kufulia. Lilipotoboka nililitupa nyuma ya choo, nikalia kidogo. Nikadhani hakuna aliyeniona." Akamgeukia mumewe. "Nililitambua siku ile ile ulipoliweka. Nilikasirika nusu saa. Halafu nikaona limependeza, nikanyamaza."

Bibi hakujiziba mdomo tena.

Meneja alikohoa. Hakuwa mtu mbaya, ila kazi ya kunusa mashuka ya watu ilikuwa imemharibia pua kwa mambo mengine. "Nimekuelewa," alisema, taratibu zaidi. "Lakini hata tukisema ni kazi, kazi haijakwisha. Hana kichwa. Nikimweka mlangoni, wageni watasema mkosi."

Dobi akaingia ndani. Walisikia sanduku likiburutwa sakafuni na kufuli likifunguka. Alipotoka alikuwa amekumbatia pasi ya mkaa kwa mikono yote miwili. Alimwekea Fundi mikononi bila kumtazama, maana angemtazama, asingeweza kusema.

"Mdomo huo hapo mbele. Macho ni matundu. Na huyu jogoo wa kifuniko ni kishungi. Kama ulivyosema. Mara tatu."

Fundi alipanda juu ya ndoo, akaishikilia pasi penye mwisho wa shingo. Ndege aligeuka na upepo, akawatazama mmoja mmoja kwa matundu yake, mdomo mbele, jogoo juu, mwenye maringo, kama anayeuliza ni nani alikuwa anataka kumkata.

"Haya," Bibi alisema. "Sasa Mizani ana haki ya kuogopa."

Hapo ndipo mapatano yalipoanza, na Fundi aliombwa kwa adabu akae mbali, kwa sababu kila bei iliyotajwa yeye aliitikia kwa kichwa. Meneja alitaja. Dobi alicheka. Meneja aliongeza, akafika getini, akarudi. Dobi alimpa kigoda. Meneja akasema miguu imepishana urefu. Dobi akasema korongo gani anasimama wima kama askari. Mwisho wakashikana mikono kwenye bei ya mashuka mapya kumi na mawili, mara tatu na ushee. Theluthi ibaki kwa Meneja kufidia yaliyoharibika, na kazi ya kufua iendelee.

"Na jambo moja zaidi," Dobi alisema, mkono wa Meneja bado kaushika. "Nikileta nguo, napita mlango wa mbele."

Labda Meneja alikumbuka mapipa. "Mbele," alisema. "Utapita kwa ndege wako."

"Na mimi nimekuja bure?" Mizani aliuliza.

"Wewe una mkokoteni," Bibi alimwambia. "Huyu atakwendaje? Kwa kuruka?"

Kwa hiyo Mizani alilipwa nauli, na kwa mara ya kwanza maishani alibeba chuma bila kukipima. Geti la ua, ambalo Fundi alilitengeneza mwenyewe, lilibidi ling'olewe bawaba ndipo mbawa zipite.

Kabla ya kumsimamisha pale kwenye duara, Fundi alimvuta mkewe kando.

"Pasi ni chuma cha kusubu. Ukikichomelea, kinapasuka. Nimekifunga kwa bolti nne." Akampa spana ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa safi. "Namba kumi na saba. Siku ukiitaka pasi ya mama yako, huna haja ya kuniomba. Unafungua, unachukua, unakwenda zako."

Dobi aliipokea spana, akaipima uzito mkononi. "Na ndege atabaki vipi?"

"Atarudi alivyokuwa. Amezoea."

"Mjinga wewe," Dobi alimwambia, na alilisema kwa namna ambayo Fundi alitembea nalo siku nzima kama mtu aliyepewa cheo.

Yale mashuka kumi na mawili yalibaki nyumbani kwao, na yapo mpaka sasa. Bibi aliyachukua mawili kwa mapazia. Mengine wanalalia. Fundi na mkewe wanalala juu ya mbawa, na kila zikifuliwa manyoya yanazidi kukolea, na majirani wameanza kuuliza yanauzwa wapi. Dobi anawajibu kwamba hayauzwi, halafu anawauliza wangelipa kiasi gani.

Kila Alhamisi anapeleka nguo gesti. Anapita mbele. Mizigo anaitua chini ya korongo kwanza, apumzike, na mara nyingi anamkuta mgeni amesimama pale, ameinua shingo.

Alhamisi moja alimkuta bwana mmoja mwenye begi, mzee wa makamo, aliyekuwa akilizunguka duara polepole.

"Mama, samahani," yule bwana alisema. "Ni nani kaunda kitu hiki?"

"Mume wangu."

"Ana mikono huyo. Na kichwa, amekipata wapi? Kichwa ndicho kimemaliza kazi."

"Cha mama yangu," Dobi alisema.

Yule bwana akacheka, akidhani ni mzaha, akaingia ndani na begi lake. Dobi alibaki peke yake. Akatia mkono kwenye kapu la nguo, chini kabisa, akatoa spana namba kumi na saba. Akapanda juu ya jiwe, akaifuta pasi mdomo kwa ncha ya kanga, akajaribu bolti moja moja, zote nne. Hakuna iliyolegea. Akaikaza ya mwisho kidogo zaidi, akashuka, akabeba nguo zake na kuingia mlango wa mbele.